Simu zetu melini: someni kabla hatujaondoka Kisumu

Hamjambo wanachama. Wengi wameniuliza inbox kuhusu kutumia simu kwenye safari yetu ya meli kutoka Mombasa, basi nijibu hapa mara moja.

Ukiwa kwenye boti pale Dunga, ziwani kwetu Kisumu, simu hushika mnara wa nchi kavu. Tukishatoka Mombasa hakuna mnara. Meli ina mtambo wake unaopitia setilaiti, na simu yako itaukamata yenyewe bila kukuuliza. Bei yake ni kali sana, na bando za kawaida za romingi (kutumia laini yako nje ya nchi) mara nyingi hazifanyi kazi huko. Hata kupokea simu tu kunaweza kukatwa pesa. Kwa hivyo, kabla ya meli kung'oa nanga, weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake. Mama zetu, mkikwama nileteeni simu niwawekee.

Wi-Fi ya meli inalipiwa. Mara nyingi ni nafuu ukiinunua mapema kabla ya kupanda. Mtu na mkewe hawahitaji mbili: mmoja atoke, mwingine aingie. Zuieni pia WhatsApp isifanye backup wala kupakua video yenyewe, maana hizo "good morning" za maua zitamaliza kifurushi.

Tukishuka Zanzibar, anayetaka laini ya pale abebe pasipoti ya kusajilia.

Karo, kodi na michango ya M-Pesa, malizeni mkiwa bado nchi kavu. Na waambieni watu wa nyumbani wawaandikie WhatsApp, wasipige.