Vipimo vya maji ya Tigithe vibandikwe kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maji ya mto Tigithe, wilayani Tarime, na namna yanavyopaswa kupimwa. Wakazi wa Nyamongo, eneo lenye mgodi, hawajausahau mwezi Mei 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia katika mto huo, ambao huungana na mto Mara uendao Ziwa Victoria. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivujisha.

Wengi hudhani asidi hutokana na kemikali za kuchenjulia dhahabu, kumbe huzaliwa na mawe yenyewe. Miamba mingi yenye dhahabu ina pairaiti, yaani chuma kilichoshikana na salfa, ambayo ikiwa chini ya ardhi haina madhara; ikishachimbuliwa na kurundikwa juu pamoja na magwangala, yaani mawe taka ya mgodini, hewa na mvua huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na bakteria huiharakisha kazi hiyo. Asidi hiyo nayo huyeyusha metali zilizomo kwenye mawe na kuzipeleka mtoni. Kufungwa kwa mgodi si kinga: karibu na Krugersdorp, Afrika Kusini, maji ya namna hiyo yalianza kububujika mwaka 2002, wakati machimbo yalikwisha kuachwa na pampu kuzimwa.

Kwa hiyo kupima mara moja wakati wa kiangazi hakutoshi hata kidogo. Jua linapowaka, chumvi za asidi hujikusanya juu ya marundo ya mawe, kisha mvua za kwanza huzisomba kwa mkupuo, na mpimaji anayefika wiki mbili baadaye huenda akakuta mto umekwisha kutulia. Macho nayo hudanganya. Tope la rangi ya kutu ni dalili ya wazi ya maji ya asidi, lakini maji yenye asidi kali yanaweza kuwa maangavu kuliko ya kisima, kwa kuwa udongo uliokuwa ukielea huganda na kuzama. Hata pH, yaani kipimo cha uasidi, ambayo ikishuka kutoka 7 hadi 4 maana yake ni asidi kuongezeka mara 1,000, haitoshi ikiwa peke yake, kwani asidi ikishapozwa kwa chokaa, salfeti (chumvi itokanayo na asidi hiyo) na aseniki, ambayo ni sumu, huweza kubaki majini.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Kila wiki, na kila siku mvua zinapoanza, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka, vipimwe kwa vifaa vya mkononi, juu na chini ya eneo la mgodi, na sampuli zipelekwe maabara kila mwezi kupimwa salfeti na metali. Vijana wa vijijini wanaweza kufundishwa kazi hiyo wakisimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Naziomba mamlaka husika zibandike matokeo, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kila kijiji kilicho kando ya mto, ili mama anayechota maji na mfugaji anayenywesha ng'ombe wayasome kabla ya kushuka mtoni.

Mwalimu wa kemia,
Tarime