Jumamosi: Rebecca Boone

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi tutamzungumzia Rebecca Boone, mke wa Daniel Boone, mlowezi wa mwanzo wa Kentucky, Marekani. Sifa zote hupewa mume, naye alikuwa porini miezi mingi akiwinda. Aliyelima na kulea watoto 10, pamoja na wa ndugu waliofiwa, ni Rebecca. Wanawe wawili waliuawa: James 1773, Israel 1782. Mume alipotekwa na Washawnee (kabila la wenyeji asilia wa Marekani) 1778, Rebecca alidhani amekufa; akafunga mizigo, akarudi na watoto North Carolina. Mama jasiri kweli! Tuwakumbuke pia Washawnee, waliopokonywa ardhi.

Kila mmoja aje na habari za bibi yake, hata jina na kijiji tu. Picha za zamani tumeni humu kabla ya Ijumaa.