Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kisumu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu, katika kazi yetu ya kuwasaidia wanaotoka gerezani, tumehangaishwa na maneno mawili, tabia njema, ambayo gerezani yana maana moja na mtaani yana nyingine. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, humwezesha mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii na tabia njema, isipokuwa kwa hukumu chache kama vile kifungo cha maisha. Aliyefungwa miaka 3 anaweza hivyo kutoka baada ya 2. Lakini akiomba kazi ya ulinzi au ya kuendesha matatu, hudaiwa cheti cha tabia njema cha Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai, na hapo rekodi yake hufunua yote.

Theluthi hiyo huleta shida nyingine, ambayo kamati yenu ilichelewa kuitambua. Jamaa na mlalamishi walimsikia hakimu akitaja miaka 3, nao wakahesabu 3. Mtu akitokea mwaka mmoja mapema, kijiji husema amehonga au ametoroka. Kijana mmoja wa upande wa Seme alilala kwa jirani siku nne, kwa kuwa kaka zake walikuwa wamekwisha kugawana sehemu yake ya shamba na kung'oa mlango wa simba yake (wanachama wasio Wajaluo wasishtuke, ni nyumba ya kijana bomani).

Tangu hapo, wiki chache kabla ya mtu kuachiliwa, tumekuwa tukienda kwa familia, mzee wa kijiji na naibu wa chifu, tukiandamana na afisa wa probesheni anapopatikana, ili kueleza hesabu ya kifungo ilivyofikiwa. Kazi hii hula nauli na subira, lakini naiona imefaa kuliko semina zetu zote. Mlalamishi, hata hivyo, tulimsahau mara nyingi, na lawama hiyo naibeba mimi.

Kuhusu riziki, seremala aliyejifunza katika gereza la Kodiaga anaweza kutoka na cheti cha ufundi mkononi bila randa wala msumeno. Mafundi kadhaa wa soko la Kibuye waliwapokea wenzetu kwa malipo ya siku, nasi tunawashukuru. Mkopo wa vifaa ulikwama pale tulipotafuta wadhamini miongoni mwetu: mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na wangu ulichelewa.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo mawili: kwamba kila mkopo wa vifaa udhaminiwe na wanachama wawili badala ya mmoja, na kwamba mlalamishi atembelewe kabla ya familia ya mfungwa, iwapo mwenyewe ataridhia kutupokea.

Mwenyekiti