Wazazi, msikimbilie kukopa kwa ajili ya lenzi

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hili limenikaa rohoni.

Kuna dogo nilimfundisha kazi ya kupiga picha hapa Moshi, juzi kaja kuniaga anaenda Arusha kufata lenzi ya kamera, milimita 50 ya f/1.2 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi), hela mama yake kamkopea vikoba. Nikamkalisha chini.

Mi napiga harusi na sendofu mwaka wa nane sasa. Ile lenzi inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6, ukumbini usiku na zile taa za zambarau picha inajaa chengachenga, hapo sibishi, dogo anahitaji lenzi. Ila Canon wana ile ndogo ya 50 f/1.8 STM, ilitoka 2015 kwa dola 125 hivi, nayo inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo anayotumia! Kutoka 1.8 kwenda 1.2 anaongeza mara mbili na kidogo tu, na bei inapita dola elfu moja. Alafu 1.2 ukiifungua tundu lote kwa karibu, jicho moja la bibi harusi linakaa kwenye fokasi la pili limefifia, kwa hiyo unajikuta unarudi f/2.8 ili maharusi wote waonekane, na ukishafika f/2.8 mteja wa kukwambia picha hii ya lenzi ipi sijawahi kukutana nae.

Ya ghali ina raha yake jamani, bodi ngumu, vumbi haliingii ovyo, kule nyuma ya mtu panayeyuka vizuri mno. Mwenye kazi kila wikendi na hana deni anunue. Mtoto anaeanza, hapana.

Na nyie wa Nikon, kamera za D3200 na D5300 hazina mota ya fokasi ndani, ukiuziwa lenzi ya 50 f/1.8D, ambayo haina mota yake, kwa sababu ni rahisi utazungusha fokasi kwa mkono mpaka keki iishe, tafuta 1.8G yenye mota yake. Ikiwa ya mtumba mulika tochi ndani uone kama ina ukungu, ukiuona tu rudisha usianze kubembelezana bei.

Mama wa watu anaanza marejesho wiki ijayo na hela bado hawajaigusa. Nimempa dogo 1.8 yangu aende nayo sendofu ya Jumamosi, picha akamuonyeshe mama yake kwanza kabla hajapanda gari ya Arusha.

Mpiga picha, Pasua, Moshi