Kabla hujaitia saini ile taarifa

Dodoma, 9 Juni 2025

Shoga yangu Rehema,

Salamu kwako, kwa Baba Zuhura na kwa bibi. Za mvua na za migomba nitauliza mwishoni, kwanza ile karatasi uliyoipiga picha, taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji: usiitie saini. Wala usigombane na mtu. Sema tu kamati haijakaa, basi.

Hongera ya ujumbe wa halmashauri ya kijiji nilishakupa Novemba, ila hukuniambia kama wamekutupa Kamati ya Fedha na Mipango. Ungekuwa Huduma za Jamii ungejadili vyoo vya shule na ukarudi nyumbani na marafiki zako wote. Huko ulikopelekwa ndiko marafiki wanakopungua, na nina wasiwasi walikuchagua kwa sababu una mwandiko mzuri na hupendi kelele.

Haya, karatasi yenyewe. Robo ya Januari hadi Machi, na imeletwa Juni. Mapato 6,840,000, matumizi 6,795,000, salio 45,000. Ukitoa, hesabu inakubali, na wengi huishia hapo. Lakini salio la tarehe 31 Desemba liko wapi? Taarifa ya mapato na matumizi huanza na kilichobaki robo iliyopita, ikaongeza kilichoingia, ikatoa kilichotoka. Kinachobaki lazima kilingane na taslimu iliyopo pamoja na salio la benki siku ileile ya kufunga. Taarifa ikianzia kwenye mapato, fedha ya nyuma imeyeyuka, na hakuna wa kuiuliza maana haikuandikwa popote. Halafu kuna mstari ule, "ukarabati wa ofisi na vikao, 3,150,000". Karibu nusu ya matumizi yote, na kasma moja imebebeshwa vitu viwili! Posho na saruji zitenganishwe. Mkarabati ana hati yake ya malipo na risiti zake, kikao kina orodha ya mahudhurio yenye saini za waliolipwa.

Omba vitu vinne: vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, daftari la fedha, taarifa ya benki ya miezi yote mitatu, na jalada la hati za malipo. Omba kwa maandishi, upate na tarehe.

Kwenye stakabadhi usianze na fedha, anza na namba. Kila kitabu kina namba mfululizo, na vilivyopokelewa kutoka wilayani vinatakiwa kuwa na rejesta. Kitabu kizima kikikosekana katikati, hiyo ni habari kubwa kuliko hesabu iliyokosewa, kwa sababu fedha iliyokatiwa kwenye kitabu hicho haimo kwenye jumla yoyote utakayojumlisha. Kisha waombe wafanyabiashara watatu wanne wa gulio wakuonyeshe stakabadhi zao, ulinganishe na nakala zilizobaki kitabuni. Ujanja wa zamani ni kuondoa kaboni: mteja anaandikiwa 10,000, nakala inaandikwa baadaye 1,000. Kama mnakusanya kwa mashine ya POS, omba taarifa ya makusanyo ya kila siku na hati ya kupeleka benki, uziweke ubavu kwa ubavu. Tarehe zikipishana wiki mbili, fedha hiyo ilikuwa inatembea. Ndiyo wanayoiita fedha mbichi, ile inayotumika kabla ya kufika benki. Mtendaji wa kijiji atakuambia aliitumia kwa shughuli za kijiji, na huenda ni kweli kabisa. Tatizo linabaki: nani aliidhinisha, na iko wapi hati yake?

Jambo jingine ambalo kamati nyingi hulipita ni michango isiyo fedha. Akina mama mkibeba mchanga, vijana wakivunja mawe, iandikwe ni kiasi gani na thamani yake. Isipoandikwa, mchanga mliobeba kichwani utauona kwenye hati ya malipo umenunuliwa lori mbili.

Kuhusu lile darasa. Limejengwa kwa fosi akaunti, yaani kijiji kinanunua vifaa na kulipa mafundi chenyewe bila mkandarasi, kwa hiyo lazima kulikuwa na kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Tafuta majina. Jina moja likionekana kwenye kamati mbili, mnunuzi amejipokelea mwenyewe. Angalia pia tarehe ya mapokezi na tarehe kwenye hati ya kupelekea mzigo ya duka. Wajumbe husainishwa mapema "ili kuokoa muda", lori linakuja na mifuko pungufu, na karatasi inasema imetimia. Bei za maduka matatu yaliyoshindanishwa nazo ziangalie mwandiko, mara nyingine maduka yote matatu yameandikwa na mkono mmoja.

Wala huhitaji kuwa mhandisi. Sakafu ya darasa la mita 9 kwa 7, unene sentimita 10, ni zege mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na kitu ya kilo 50, kwa hiyo sakafu nzima ni takriban mifuko 40. Ukuta wa matofali ya inchi 6 unakula matofali tisa hadi kumi kwa mita moja ya mraba. Pima kwa kamba, zidisha, toa milango na madirisha. Pungufu au ziada ya mifuko mitatu minne ni ya kawaida, saruji humwagika na mafundi hukosea. Taarifa ikisema mifuko 90 kwa sakafu hiyo, muulize fundi kwanza kabla ya kumuuliza mtendaji, fundi hana sababu ya kukuficha mifuko ambayo hakuiona.

Simchukii mtendaji wenu. Mtu mmoja anakusanya, anatunza, ni katibu wa halmashauri ya kijiji, ni katibu wa mkutano mkuu, na muhtasari anauandika yeye. Hata malaika angepata tabu. Anayekusanya asiwe anayetunza, na anayetunza asiwe anayeidhinisha, hilo tu. Mkishindwa kupata watu, angalau kitabu cha stakabadhi kikae kwa mjumbe mwingine.

Sasa lile la Mwalimu Kombo. Umeandika alisimama kwenye kikao akasema, "Hata Umoja wa Mataifa umeshindwa utawala bora, sembuse sisi?" na watu wakacheka, na ajenda ikafungwa. Limenikera kweli. Si kwa sababu ni uongo, maana sehemu yake ni kweli tupu, bali kwa sababu kalitumia upande usiofaa.

Twende naye ngazi kwa ngazi. Mtendaji wa kijiji anaajiriwa na halmashauri ya wilaya. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya vilevile. Mkutano mkuu wenu unaweza kuikataa taarifa mpaka jua lizame, mshahara wa mtendaji hautikisiki. Ndiyo maana barua ya mkurugenzi anaijibu siku hiyohiyo, na swali la mwanakijiji linasubiri miezi. Kila mtu anamtazama aliyemweka.

Atakuambia kuna CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Yupo. Ila piga hesabu ya muda: mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, ripoti inafika kwa Rais mwisho wa Machi, ndipo iende bungeni. Fedha iliyoliwa Julai 2023 inasomwa Aprili 2025, na mlaji ameshahamishwa kata mbili. Halmashauri ziko 184, vijiji ni zaidi ya 12,000. Hakuna mkaguzi atakayefika kwenu kila robo. Na hati inayoridhisha ya mkaguzi, wanayoipigia vigelegele, haisemi hakuna aliyeiba, inasema vitabu vimeandaliwa sawasawa kwa mambo ya msingi. Tena mkaguzi mwenyewe anahitaji wa kumsikiliza. Aprili 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad, kisa kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge, na Novemba mwaka huo akaapishwa mwingine.

Akinyi naye atatutambia Kenya, kwamba katiba yao ya 2010 inazipa kaunti 47 si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Vizuri. Muulize fedha hiyo hufika lini Hazina ikichelewa, na wazabuni waliouzia kaunti dawa na mafuta wanadai tangu lini. Kiwango kimeandikwa kwenye katiba, lakini mkono unaofungua bomba bado uko Nairobi.

Na huko juu kabisa kwa Kombo? Baraza la Usalama lina wajumbe 15, watano ni wa kudumu wenye kura ya turufu, na Afrika haina hata mmoja kati yao. Afrika ilishakubaliana tangu 2005, kwa makubaliano ya Ezulwini, kudai viti viwili vya kudumu. Lakini kubadili Mkataba wa Umoja wa Mataifa kunahitaji theluthi mbili ya wanachama 193, kisha uridhiwe na theluthi mbili wakiwemo wote watano. Yaani mwenye turufu ndiye anayeombwa ruhusa ya kupunguziwa turufu. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo kura zinakwenda kwa hisa: Marekani peke yake ina zaidi kidogo ya asilimia 16, na maamuzi makubwa yanataka asilimia 85. Piga hesabu mwenyewe, bila Marekani haitimii. Mageuzi ya hisa waliyokubaliana 2010 yalianza kufanya kazi Januari 2016 kwa sababu Bunge la Marekani lilikuwa halijaridhia. Kusini mwa Sahara tumepata kiti cha tatu kwenye bodi yao Novemba 2024, bodi ya watu 25. Kijijini kwenu angalau mzee mwenye ng'ombe mia hana kura mia!

Hapo ndipo Kombo anapokosea, na naomba umwambie kwa upole maana alitufundisha hesabu. Huko New York na Washington hakuna mkutano mkuu ambao mkulima wa mahindi anaweza kuinuka akauliza risiti. Kwenu upo. Sheria ya mamlaka za wilaya, Na. 7 ya 1982, inasema kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, na unakaa walau kila miezi mitatu. Hata ardhi, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa bila mkutano mkuu kuridhia, sheria ya 1999 hiyo. Sasa mkutano wa Machi haukufanyika, wa Juni wanautangaza siku ya gulio, halafu mnaambiwa akidi haikutimia. Umoja wa Mataifa umeingiaje hapo?

Kwa hiyo pigania tarehe kwanza, hoja baadaye. Isiwe siku ya gulio, isiwe Ijumaa mchana, isiwe asubuhi ya palizi. Taarifa ibandikwe ofisini na kwenye mti wa mnadani siku kadhaa kabla, kwa tarakimu kubwa. Kila kitongoji kipate angalau mtu mmoja aliyeisoma. Swali liwe moja, fupi, lenye namba: "Salio la 31 Desemba lilikuwa shilingi ngapi?" Ukiuliza mambo kumi watajibu rahisi mawili na kufunga kikao kwa dua. Na muhtasari usomwe palepale kabla watu hawajatawanyika, maana ukiandikwa kesho utasema "wajumbe walipokea taarifa kwa kauli moja". Huo ndio utakaopanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwenda wilayani. Wewe utakuwa umekataa na karatasi itasema umekubali.

Mkopo wa kikundi cha akina Mwajuma, kwa kifupi: ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023, vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Waandae katiba ya kikundi, akaunti ya benki, na orodha ya wanachama wanaoonekana kwa macho. Mtu akiwadai "ya kusukuma faili", wasitoe, wakaripoti TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa.

Nijibu haya haraka. Watia saini wa akaunti ya kijiji ni akina nani, na kuna mwanamke hata mmoja? Mwenyekiti ameiona hiyo karatasi au ametia saini gizani? Ule mnara wa simu, kodi inalipwa kijijini au mfukoni kwa mtu? Kijana wa Mzee Chande alilipwa ufundi wake wote, na alisaini kiasi gani? Muhtasari wa Desemba uliusikia ukisomwa? Wajumbe wengine wa kamati wanasemaje, au umebaki peke yako? Kombo amekununia? Mvua imefika? Miguu ya bibi?

Picha za hati za malipo ukizipata nitumie usiku, bando ni rahisi.

Shogayo,
Tatu