Risala ya Wazazi wa Watoto Waliopoteza Usemi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19

Ndugu Mgeni Rasmi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama, hasa tukizingatia barabara yetu, ambayo si mada ya leo.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kliniki. Leo tuna katiba, muhuri, akaunti ya benki na viti vya plastiki ambavyo hata ofisi ya kata huja kuazima. Ni mafanikio makubwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, watoto wetu hawakuzaliwa bubu. Walikuwa wakiimba, wakitumwa dukani. Wapo waliopigwa na kiharusi kwa sababu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi; wengine malaria ilipanda kichwani, wengine homa ya uti wa mgongo au kugongwa na bodaboda. Mtoto anaamka mkono wa kulia umelegea, maneno hayapo. Yupo wa darasa la pili anayekijua kikombe vizuri, ukimwambia akilete analeta, ila akitaka kukitaja linatoka "hii" tu, mpaka analia. Shuleni tuliambiwa apelekwe kwa viziwi. Masikio yake ni mazima.

Tiba ipo, wala haiuzwi duka la dawa. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha hukaa na mtoto na kadi za picha, humwachia muda alitafute neno, humuuliza "chai au uji?" badala ya "unataka nini?", kisha humfundisha mzazi aendelee nyumbani. Inataka kuanza mapema na kurudiwa mara kwa mara. Sisi tunaifuata Dar es Salaam; nauli ikikosekana, tiba imekatika. Kadi tumezichora wenyewe nyuma ya maboksi ya sabuni. Ng'ombe wetu anafanana na mbuzi, mtuwie radhi.

Mgeni rasmi aliyekutangulia, kwa upendo wake, alituahidi mtaalamu na chumba "ndani ya robo hii ya mwaka". Tulimpigia makofi, tukampa jogoo. Chumba kilipatikana, kimejaa vyandarua. Robo ile bado inaendelea.

Kwa hiyo tumefuta maombi mengine yote, tumebakiza hili: mtaalamu afike hospitali ya wilaya walau mara mbili kwa mwezi, na chumba kile kifunguliwe. Fulana tunazo za kutosha.

Kitabu cha wageni kiko mezani. Tunakuomba kwa heshima zote, chini ya sahihi yako uandike na tarehe ya kuanza.

Naomba kuwasilisha.