Swichi ya taa isiguse filta: tunavyopanga umeme wa tangi la samaki

Mteja wetu mmoja wa Mbezi alitupigia simu alfajiri, sauti inatetemeka. Samaki wake wote walikuwa wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Tukamwuliza kama filta inanguruma. Haikuwa inanguruma. Usiku, wakati wa kulala, mtu wa nyumbani alikuwa amezima swichi ya ukutani ili taa ya tangi isiwake bure. Alifanya jambo la busara kabisa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliofunga: taa, filta na pampu ya hewa vyote tulikuwa tumevichomeka kwenye ekstensheni moja, chini ya swichi moja.

Tangu siku hiyo hatukabidhi tangi kabla ya kupanga umeme wake.

Filta haichuji uchafu unaoonekana peke yake. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo samaki wanaivumilia zaidi. Bakteria hao wanahitaji maji yanayotembea, yenye oksijeni. Maji yakisimama saa nyingi ndani ya filta, wanaanza kufa, na sumu inabaki kwenye tangi. Huku pwani tuna shida ya ziada, nayo ni joto. Maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kama miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 yanabeba kama 9. Tangi la Dar lenye samaki wengi linaishiwa pumzi mapema kuliko la Njombe.

Kwa hiyo tukifika kwako, tunaanza kwa kuuliza kipi hakizimwi kamwe. Jibu ni filta na pampu ya hewa. Hivyo tunavipa soketi yao ya ukutani, mbali na mkono wa anayepita, na juu ya swichi tunabandika karatasi: USIZIME, SAMAKI. Inaonekana kama jambo dogo, lakini nyumba ina wageni, watoto, na ndugu waliokuja kusalimia. Wote wamefundishwa kuzima swichi ili LUKU isiishe haraka.

Taa na hita tunavipeleka kwenye ekstensheni yenye swichi kwa kila tundu. Kila plagi inaandikwa jina lake kwa maka peni, kwa sababu nyaya zote nyeusi zinafanana, na hakuna anayetaka kubahatisha huku mikono imelowa.

Hita hasa ndiyo inayohitaji swichi yake. Wateja wetu wengi wa Dar hawaihitaji, ila wa Arusha, Mbeya na Iringa wanaijua vizuri. Ukitaka kubadilisha maji, zima hita kwanza, subiri dakika 15 hadi 20 ipoe, ndipo upunguze maji. Hita ya kioo iliyo moto ikiachwa nje ya maji inaweza kupasuka, na ikipasuka umeme unakuwa karibu na maji unayotia mkono. Usiiwashe tena mpaka maji yamerudi juu ya alama yake.

Taa tunaiwekea taima, saa 8 kwa siku. Zaidi ya hapo mwani unajaa kwenye kioo. Hapa tuna ushauri tulioupata kwa kuhangaika: taima ya kuzungusha, ile yenye vipini vidogo pembeni, inasimama umeme ukikatika. Ukikosa umeme kwa muda wa saa 3, taa inachelewa kwa saa 3, na kesho inachelewa vilevile mpaka uirekebishe. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara, nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Inatunza saa yake.

Sasa ekstensheni yenyewe ikae wapi? Isilazwe sakafuni nyuma ya kabati. Huko ndiko maji ya ndoo na ya bomba la kunyonyea yanakoishia. Tunaifunga kwa skrubu kwenye kipande cha plaiwudi, wima, pembeni ya kabati, juu kidogo kuliko sakafu na kamwe si chini ya tangi moja kwa moja. Halafu kila waya tunauacha ushuke chini ya tundu lake kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi. Tone likifuata waya litaishia pale chini kwenye mkunjo na kudondoka, halitapanda mpaka kwenye shaba. Tukikuta waya umenyooka kutoka kwenye tangi hadi kwenye soketi, tunaurekebisha kabla hatujafanya kingine. Kwa tangi la maji chumvi ongeza umbali, maana chumvi inatambaa na kula vyuma vya soketi.

Mzigo wenyewe ni mdogo. Filta wati 10 hadi 25, pampu ya hewa wati 3 hadi 5, taa ya LED wati 20 hadi 40, hita wati 100 hadi 200. Jumla haifiki wati 300, wakati ekstensheni ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu 3,000. Ndiyo maana plagi za vifaa hivi zinatosha kwa fyuzi ya ampea 3. Ukikuta tundu lina rangi ya kahawia au linanuka, tupa ekstensheni hiyo. Na pasi isichomekwe humo hata kwa dakika mbili.

Tunasisitiza pia kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, ambacho mafundi wengi wanakiita ELCB. Kinazima kwa chini ya theluthi ya sekunde kikiona umeme unapita pasipostahili, kwa mfano kwenye mwili wako. Kibonyeze kitufe cha majaribio kila mwezi. Kama nyumba yako haina, mwite fundi umeme aliyesajiliwa na akague na waya wa ardhi pia. Hilo halifanywi na sisi wauza samaki. Vilevile, usiingize mkono kwenye maji kabla ya kuzima kila kitu. Filta ikizima dakika tano kwa kazi hiyo haidhuru.

Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ndiyo itakayowabeba samaki. Filta ya mtungi (ile iliyofungwa kwenye chombo chake nje ya tangi) ikikaa bila umeme saa nyingi, usiiwashe hivi hivi. Ifungue, suuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe (klorini ya bomba inaua bakteria), ndipo iwake. Maji yaliyooza humo yakimwagwa kwenye tangi yanaua zaidi ya kukatika kwa umeme kwenyewe.

Kama unataka tukupangie, tupigie picha nyuma ya kabati ilivyo sasa, bila kupanga kwanza, na utuambie plagi ya kila kifaa iko wapi. Tukija tutakuja na plaiwudi, vifungio vya nyaya na maka peni.